Muziki wa Kiwandani Kwenye Pikapu: Ulipie au Uuache?

Ukienda kwa wakala kununua pikapu mpya, utaonyeshwa matoleo mawili au matatu ya gari lile lile. La chini lina viti vya kitambaa na spika mbili au nne za kawaida. La juu lina viti vya ngozi, skrini kubwa ya kugusa, na siku hizi mara nyingi lina muziki wenye jina: JBL kwenye baadhi ya matoleo ya Toyota Hilux, au Bang & Olufsen kwenye Ford Ranger Raptor. Muuzaji atafunga madirisha, atawasha kiyoyozi, ataweka wimbo aliouchagua yeye, na besi itakugonga kifuani. Tofauti ya bei kati ya toleo na toleo si ndogo, na muziki ni sehemu ya kinachokusukuma uilipe. Inafaa kujua mapema unanunua nini.

Nimemfikiria mtu wa Kasokola na kata jirani za Manispaa ya Mpanda: anayebeba mpunga wa Kakese au Mwamkulu, mahindi na mifuko ya mbolea, asubuhi yuko shambani, mchana yuko mjini, na mara moja moja anashika njia ya Tabora au ya Sumbawanga. Kwa mtu huyo jibu langu ni kwamba asipande toleo kwa ajili ya muziki. Fedha hiyo, hata robo yake, itampa sauti nzuri zaidi kwa njia nyingine. Zipo hali ambazo ningemwambia alipe, nazo nitazitaja.

Kilichomo ndani ya jina

Muziki wa hali ya juu wa kiwandani una mambo matatu: spika nyingi zaidi, amplifaya yake peke yake iliyofichwa chini ya kiti au nyuma ya dashibodi, na kompyuta ndogo inayopanga sauti. Watu husifu spika. Chenye thamani kubwa zaidi ni hiyo kompyuta.

Dereva wa Tanzania anakaa kulia. Spika ya mlango wa kulia iko karibu na goti lake, ya kushoto iko mbali zaidi ya mita moja. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila elfu moja ya sekunde, kwa hiyo ya kulia inamfikia kwanza na kumfanya asikie muziki wote umelalia upande mmoja. Kompyuta huichelewesha spika ya kulia kidogo sana, sauti za pande zote zikafika pamoja, na mwimbaji akasikika kama amesimama katikati ya dashibodi. Wahandisi pia hupima kabini ile hasa, na vioo vyake na viti vyake, wakapunguza sauti zinazovuma na kuongeza zinazomezwa. Fundi wa mtaani anaweza kukaribia kazi hiyo akiwa na vifaa na subira, lakini kiwanda kinaifanya vizuri.

Kuhusu majina yenyewe, usidhani kila moja lina karakana yake. Bang & Olufsen ni kampuni ya Denmark, lakini biashara yake ya muziki wa magari iliuzwa kwa Harman ya Marekani mwaka 2015. JBL na Harman Kardon ni za Harman hiyo hiyo, na Harman yenyewe ilinunuliwa na Samsung mwaka 2017. Kwa hiyo anayebishana na mwenzake kuhusu JBL na Bang & Olufsen kwenye pikapu anabishania bidhaa za nyumba moja. Sikiliza gari, usisikilize jina.

Wati zinavyodanganya

Hilux ya JBL ilipotangazwa Ulaya mwaka 2020, ilisifiwa kuwa na spika tisa na wati 800. Idadi hiyo inatisha mtu, lakini sikio halisikii wati moja kwa moja. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti inapanda desibeli tatu tu, tofauti ambayo wengi huisikia kwa mbali. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Kutoka wati 100 za kweli hadi wati 800 za kweli ni desibeli tisa, yaani hata mara mbili hujafika.

Na si wati zote ni za kweli. Redio za dukani huandikwa "50W x 4". Chomoa fyuzi nyuma yake uisome: mara nyingi ni ampea 10 au 15. Zidisha ampea 15 kwa volti 14 za gari linalonguruma, unapata wati 210 zinazoingia, na sehemu yake hupotea kuwa joto. Wati 200 za kutoka haziwezekani. Redio hiyo inatoa kwa uhakika wati 15 hadi 20 kwa kila spika, na kwa kabini ya pikapu hizo zinatosha kabisa kama spika ni nzuri. Mbinu hii ya kusoma fyuzi itumie pia mtu anapokuletea amplifaya iliyoandikwa wati 3,000. Ukikuta fyuzi ya ampea 30, hesabu imekwisha.

Barabara inavyokula sauti

Hapa ndipo Kasokola inapotofautiana na ukumbi wa maonyesho wa wakala. Hesabu zote za wahandisi zilifanywa gari likiwa na vioo vimepandishwa. Fungua dirisha moja, hewa ya kabini inabadilika, besi inatoka nje, upepo unaingia sikioni, na ule mpangilio uliolipiwa ghali hauna kazi. Sasa jiulize kwa uaminifu: ukiwa njiani kwenda shamba, ukisimama kila mara kusalimia na kupakia, vioo vyako viko wapi? Mwenye kufunga vioo na kuwasha kiyoyozi muda wote anapata faida. Wengi wetu hufunga kwa lazima tunapopita Hifadhi ya Katavi maeneo ya Sitalike, ambako mbung'o hufuata gari linalotembea, kisha tunafungua tena.

Halafu kuna ngurumo ya dizeli na ya matairi kwenye changarawe. Ngurumo hiyo ni nzito, iko kwenye sauti zile zile za chini ambako besi inaishi, na kazi yake ya kwanza ni kuifunika. Ndiyo maana gari likiwa limesimama unasikia ngoma vizuri, likianza kutembea unaongeza besi, ukiongeza besi milango inaanza kuchachatika, na mwishowe husikii maneno. Spika zaidi haziponyi tatizo hilo. Kinachoponya ni utulivu wa kabini: raba za milango zisizochanika, zulia lililokaa vizuri, mlango usio na bati linalotetemeka.

Kiangazi cha huku kina vumbi jepesi kama unga, na masika yanaleta maji yanayoteremka ndani ya mlango kila mvua inaponyesha. Spika yoyote, ya jina au isiyo na jina, inakaa katika mazingira hayo. Swali muhimu ni itakuwaje ikifa. Spika ya kawaida ya mlango utaipata Mpanda mjini, au italetwa na basi kutoka Tabora au Mwanza. Amplifaya ya kiwandani yenye kompyuta yake ni kitu kingine: inaongea na gari kwa mawasiliano yake maalumu, na mbadala wake ni ile ile, kutoka kwa wakala, kwa bei ya wakala. Ikifa baada ya dhamana kwisha, unabaki na spika tisa zilizo kimya zote kwa pamoja.

Kwa gari jipya linaloagizwa kuna kodi pia. Muziki ni sehemu ya thamani ya gari, na thamani ndiyo inayotozwa. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ukikaa juu ya shilingi 100 unazifanya 125, na VAT ya asilimia 18 juu ya hizo inazifikisha 147.5, bado hujagusa tozo nyingine. Kila shilingi laki moja ya muziki kiwandani inakugharimu karibu laki moja na nusu hapa.

Gari lililotumika: anza na redio

Wengi wetu hatununui jipya. Tunanunua lililotumika, na hapa muziki wa kiwandani unaweza kuwa mzigo badala ya zawadi. Sababu ya kwanza ni masafa ya redio. Tanzania, kama nchi nyingi duniani, hutangaza FM kati ya megahezi 87.5 na 108. Japani ilijipangia 76 hadi 90, na baadaye ikaongeza hadi 95. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani likifika Mpanda linasikia kipande kidogo tu cha chini cha masafa yetu. Kituo chochote kilicho juu ya hapo hakipo, hata spika zake ziwe za dhahabu.

Kabla ya kulipa, kaa kwenye gari uitafute TBC Taifa, kisha Mpanda Radio FM, kisha kituo chochote unachokijua kiko juu ya 100. Usikubali kuambiwa kwamba antena ndiyo mbovu. Angalia namba ya mwisho ambayo redio inafika inapozungushwa: ikigeuka kwenye 90 au 95 na kurudi 76, ni redio ya Japani. Magari yaliyotoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza hayana shida hii, nayo pia yana usukani wa kulia, kwa hiyo usiamue kwa usukani. Hilux nyingi hutengenezwa Thailand na Durban, Ranger hutengenezwa Thailand na Pretoria.

Kipo kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa ili redio ya Kijapani iyasikie. Ni cha bei nafuu na kinasaidia, ila namba unayoiona kwenye skrini haitakuwa namba halisi ya kituo, na vituo dhaifu hupotea zaidi. Kwa mtu anayetegemea redio kwa habari za bei za mazao na matangazo ya mkoa, dawa ya kudumu ni kubadilisha redio yenyewe.

Na kubadilisha redio ndiko kunakoleta sababu ya pili. Kwenye gari lenye spika za kawaida, fundi mzuri anatoa redio ya zamani na kuweka mpya kwa muda mfupi. Kwenye gari lenye muziki wa jina, redio na amplifaya ni mume na mke. Ukiweka redio ngeni bila adapta ya gari lile, amplifaya haiwaki. Fundi asiyejua huikata amplifaya na kuunganisha spika moja kwa moja. Baadhi ya spika za kiwandani za namna hiyo zina ukinzani wa omu mbili, wakati redio ya dukani inataka nne. Redio inapata moto, inajizima njiani, na ukiilazimisha inaungua. Magari mapya yanaongeza tatizo jingine: mlio wa mkanda, sensa za kurudi nyuma, kamera na mipangilio ya kiyoyozi vyote hupitia skrini ile ile. Ukiitoa unavipoteza vyote.

Baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga zikikatiwa umeme wa betri, zikadai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani. Muulize anayekuuzia kama anayo. Kama hana, hesabu redio hiyo kuwa haipo na ushushe bei.

Namna ya kusikiliza kabla ya kulipa

Nenda na flashi yako yenye nyimbo unazozijua kama njia ya kwenu: moja yenye sauti ya mtu na ala chache, kwaya inafaa sana, moja yenye ngoma nzito, iwe ya Kisukuma au Bongo Fleva, na rekodi ya mtu anayeongea tu. Hakikisha mafaili si yale yaliyobanwa sana yakapoteza ubora, kwa sababu spika nzuri huanika ubovu wa rekodi.

Weka besi na trebo katikati, zima kila kitu kilichoandikwa cha kuongeza nguvu. Kaa kiti cha dereva, kwa sababu hapo ndipo utakaposikilizia. Funga macho. Mwimbaji yuko wapi? Akiwa mbele yako kwenye usawa wa kioo, mfumo umepangwa vizuri. Akiwa miguuni au kwenye mlango wa kulia, jina la spika halijakusaidia. Kisha hamisha sauti kona moja moja kwa kutumia mpangilio wa mbele na nyuma, kushoto na kulia, usikilize kila spika peke yake. Kwenye gari lililotumika ni kawaida kukuta moja imekufa au inakwaruza, na zikilia zote pamoja hutaigundua.

Baada ya hapo washa injini. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta, kuna waya wa ethi uliolegea au mtu alishachezea nyaya. Mwisho, toka nalo kwenye lami, liingize barabara mbaya, fungua kioo, na usikilize yule mtu anayeongea. Kama unalazimika kuongeza sauti mno ili umwelewe, umepata jibu ambalo ukumbi wa wakala usingekupa. Sikiliza toleo la chini kwa namna hiyo hiyo, siku hiyo hiyo.

Njia ninayoipendelea

Nunua toleo linalofaa kazi yako, halafu tengeneza muziki kwa mpangilio huu. Anza na milango ya mbele. Mwambie fundi afungue paneli, abandike karatasi nzito za lami za kuzuia mtetemo kwenye bati la nje, azibe matundu ya bati la ndani, na arudishe ile nailoni ya kuzuia maji mahali pake. Nailoni hiyo ikitupwa, na hutupwa mara nyingi, masika ya kwanza yanaimaliza spika. Kazi hii haina taa wala jina, lakini ndiyo inayosikika kuliko zote.

Kisha badilisha spika mbili za mbele, hizo tu, kwa zilizo bora zenye twita zake. Tafuta zinazotoa sauti kubwa kwa nguvu kidogo: spika inayozidi nyingine kwa desibeli tatu ikipewa nguvu ile ile ni sawa na kuwa umeongeza nguvu ya redio mara mbili bure. Za nyuma ziache. Wengi watafurahi na kuishia hapo. Asiyetosheka aongeze amplifaya ndogo, na sabufa iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu inakula nafasi nyuma ya kiti na umeme pia. Amplifaya inayotoa wati 500 za kweli hunywa kama ampea 45, na alteneta yako ina taa, kiyoyozi na betri vya kulisha.

Kwenye nyaya sitaki ukubali mzaha, maana moto wa gari huanzia hapo. Waya mkubwa wa amplifaya uwe na fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ukipita kwenye bati linalotenganisha injini na kabini upite ndani ya raba, usikatwe na bati. Kwangua ncha ya waya kabla ya kununua: ikiwa nyeupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba na haibebi kile kilichoandikwa. Na muulize fundi kama atatumia soketi ya adapta au atakata nyaya za gari. Gari lenye dhamana likikatwa nyaya, wakala anapata sababu ya kukukatalia matengenezo ya umeme.

Wenye malori, Fuso na Canter nyingi mna volti 24, na redio za kawaida ni za 12. Wapo mafundi wanaochukua 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Redio italia, lakini betri moja itachoka kuliko mwenzake, chaji zitapishana, na baada ya miezi utanunua zote mbili. Dai konvata ya kushusha volti, au redio ya volti 24.

Nani alipe

Nalipia muziki wa kiwandani bila kusita kama toleo la juu nalihitaji kwa sababu nyingine, mifuko zaidi ya hewa kwa mfano, na muziki umekuja nalo. Nalipia kama gari ni jipya, lina dhamana, na kazi yake ni lami ndefu, Mpanda hadi Tabora kupitia Koga na Sikonge na kuendelea, vioo vimefungwa. Safari ya namna hiyo redio inapotea porini kwa muda mrefu, flashi na simu vinashika zamu, na sauti iliyopangwa vizuri hukuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini bila kuchoka. Faida nyingine ni usalama wa mali: mfumo uliojengwa ndani ya dashibodi haumvutii mwizi kama redio ya dukani inayochomoka.

Katika gari lililotumika, muziki wa jina unaofanya kazi uchukue kwa furaha, ila usiongeze bei kwa ajili yake. Siku ya kuliuza, mnunuzi wa Mpanda atalala chini kuangalia chasisi, atasikiliza injini, ataomba kujaribu foo wili. Spika hatalipia.

Lolote utakalochagua, pima sauti unayoizoea. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Zipo programu za simu za kupimia. Hazina uhakika wote lakini zinatoa picha. Mwombe abiria aishike simu usawa wa sikio lako gari likiwa kwenye changarawe, kwanza muziki ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa kama kawaida yako. Kama ngurumo ya gari peke yake imekaribia 80, anza na raba za milango kabla ya kununua spika yoyote.